Sharti la Arobaini na Tatu

Binti yangu Yusta alikuwa na miaka saba katika shahada ya miaka minne, na alibakiwa na siku thelathini na moja kabla ya kufutwa.

Kufutwa ni jambo la kisheria katika nchi yetu. Mwanafunzi akiingia mwaka wa nane kabla hajatimiza masharti, Chuo Kikuu cha Taifa kinamfuta. Hafukuzwi, kwa sababu kufukuza watu ni tabia ya nchi ambazo hazijastaarabika. Anafutwa, maana yake hakuwahi kusoma. Jina lake linatolewa vitabuni, kisha anaitwa ofisini kutia saini hati ya kurejesha maarifa. Kwa waliosoma Kifaransa, hati hiyo inasema kwamba mhusika amerudisha lugha ikiwa katika hali nzuri na hatakutwa nayo tena mahali pa umma. Mwenzake Yusta mmoja aliyemtangulia chuoni, aitwaye Desideri, alifutwa mwaka juzi. Siku hizi anauza betri za redio, na mteja akimsalimia kwa Kifaransa anageukia ukutani.

Mimi ni mchimba visima. Niliacha shule darasa la sita, kwa sababu baba alikuwa na majembe mawili na mikono miwili tu. Kwa hiyo haya nayaeleza kama nilivyoelezwa na wenye elimu, na pale yasipoeleweka, kosa ni langu.

*

Kifaransa kilikuja kwetu kwa sababu ya kisiwa. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa, ambaye nchi nyingine wangemwita rais, alialikwa kwenye mkutano wa wakuu wa nchi. Mkutano ukaendeshwa kwa Kifaransa. Alipewa vile vidude vya kuweka masikioni ili atafsiriwe, akavikataa, kwa kuwa vilimharibia kofia. Alikaa saa mbili akitikisa kichwa kwa hekima, akatia saini karatasi kwa tabasamu, akarudi nyumbani na bendi ikampokea. Siku ya tatu ikajulikana kwamba ametoa kisiwa chetu cha Ngogwe, pamoja na mbuzi wake, zahanati yake na mwalimu mkuu wake.

Mlezi hakukasirika. Alihutubia taifa, akasema kisiwa kimekwenda kututangulia katika uhusiano wa kimataifa. Kisha akaamuru vijana wa nchi hii wajue Kifaransa kufikia Desemba. Hiyo ilikuwa Oktoba.

Ndivyo ilivyoanzishwa Idara ya Kifaransa na Taaluma za Nchi Zinazosema Kifaransa. Yusta aliingia na kundi la pili. Mama yake alikuwa bado hai, akauza cherehani yake amnunulie sanduku la bati na kamusi. Masharti ya kuhitimu yalikuwa kumi na mawili, na yalibandikwa mlangoni kwenye karatasi moja. Lakini kila mkuu wa idara anayeteuliwa lazima aache alama yake, na kwa kuwa hapakuwa na fungu la majengo, waliacha masharti. Hadi mwaka ule wa saba walikuwa wameteuliwa wakuu sita. Masharti yalifika arobaini na matatu, na mlango hauonekani.

*

Nisije nikaonekana nalalamika, nieleze machache ili msomaji aone kwamba yalifikiriwa.

Sharti la sita lilitaka mwanafunzi asome riwaya nzima ya Kifaransa. Maktaba ilikuwa nayo moja. Wanafunzi wakiwa arobaini, riwaya ilikatwa kwa kisu vipande arobaini, kila mtu kurasa kumi. Kwa kuwa wote kwa pamoja waliisoma nzima, kila mmoja alihesabiwa ameisoma nzima. Yusta alipewa ukurasa wa mia mbili na moja hadi wa mia mbili na kumi. Humo mwanamke anashuka ngazi akiwa na barua mkononi, na huko chini mwanamume anavua kofia. Ukurasa wa mia mbili na kumi unaisha bado hawajafikiana. Kwa miaka binti yangu aliniuliza tukiwa tunakula: Baba, unadhani alimpa ile barua? Nikamwambia amuulize mwenye kurasa zinazofuata. Akasema kuulizana kurasa ni udanganyifu wa mtihani, na zaidi ya hapo, mwenye kurasa zile alikuwa Desideri. Desideri alishafutwa. Kisheria kurasa zile hazijasomwa na mtu.

Sharti la kumi na tisa lilihusu utamaduni. Wafaransa huandamana, kwa hiyo kila mwanafunzi sharti ashiriki maandamano walau mara moja. Maandamano kwetu ni marufuku. Wanafunzi waliandamana toka bwenini hadi kituo cha polisi, wakiwa na barua ya Idara. Waliokamatwa walifaulu. Wawili waliokimbia walirudia mwaka. Yusta alikaa mahabusu siku tatu, akapata alama ya juu.

Sharti la thelathini lilitaka muhula mmoja katika nchi inayosema Kifaransa. Nchi ya namna hiyo iko kilomita kumi na nane kutoka chuoni, ng'ambo ya mto, na siku za soko watu wake huvuka na vitenge, mafuta ya mawese na jibini. Lakini kuvuka kwenda huko kunahitaji pasipoti, pasipoti inahitaji sababu, na kusoma hakumo katika orodha ya sababu. Idara haikushindwa. Ilipaka rangi chumba namba sita, ikaandika UFARANSA mlangoni na kumpa mlinzi mhuri. Yusta aliishi Ufaransa miezi minne, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Umeme ulikatika mara nyingi sana Ufaransa.

Likabaki la arobaini na tatu: saa mia mbili za mazungumzo na mzungumzaji mzawa wa Kifaransa, zithibitishwe kwa saini yake.

*

Huenda mtu akafikiri hilo ndilo lililokuwa rahisi. Mtaani kwetu kulikuwa na wazawa hao wengi tu. Tatizo lilikuwa kampeni. Mwaka huo huo Idara ya Wageni ilianzisha kampeni ya Nyumba Safi, na malori yalizunguka masokoni kukusanya watu wa ng'ambo wasio na karatasi. Askari waliwatambua kwa masikio. Mtu akisikika anaongea Kifaransa kwenye simu, anapandishwa. Kwa hiyo wanafunzi waliwatafuta wasemaji kwa madaftari, askari waliwatafuta kwa marungu, na mara nyingine walikutana mlango mmoja.

Yusta alimpata Mama Nsimire. Alikuwa msusi, mama wa makamo, mnene, mwenye sauti ya chini. Alilelewa na watawa ng'ambo ya mto na alivuka zamani, kabla vita ya kwao haijapewa jina. Aliishi nyuma ya mashine ya kusaga na watoto wake wawili. Hakutaka malipo ya fedha. Alisema maji yako mbali. Basi nikamchimbia kisima, urefu wa watu saba, mawe mawili katikati yake yakinitoa jasho wiki nzima, na Yusta akapata saa zake.

Walizungumza wakisuka. Yusta aliketi kwenye kigoda, Mama Nsimire nyuma yake na kitana, na kwa kuwa Kifaransa kilikuwa kirefu kuliko nywele, alimsuka, akamfumua, akamsuka tena. Mwanzoni nilimuuliza huyo mama mwanangu anaendeleaje.

"Muzee, huyu mutoto anajua," Mama Nsimire alinijibu, "lakini anasema sawa barua ya serikali. Namufundisha kukasirika kwanza. Kisha tutaenda kwa kucheka."

Mama wa Yusta alikufa katika mwaka wa tano wa masomo hayo. Tangu hapo sikumsikia mwanangu akicheka nyumbani. Kule kwenye kisima, nikiwa chini shimoni, nilimsikia akicheka kwa lugha nisiyoijua. Niliacha kuchimba nikasikiliza.

*

Siku zilipobaki thelathini na moja, Yusta alipeleka daftari la saa mia mbili kwa karani wa masharti, Bi Kuruthumu, dirisha namba tatu. Nilimsindikiza. Bi Kuruthumu alipekua kurasa zote kwa kidole kilicholowa mate, akafunga daftari, akalirudisha. Akaeleza kwa upole kwamba aliyesaini si mzawa. Nikamwambia amezaliwa huko na hata akiota anaota kwa Kifaransa. Akaniambia hayo ni maisha yake binafsi; mzawa ni mtu mwenye cheti cha uzawa kilichotolewa na Idara, na cheti kinatolewa baada ya mtihani wa Kifaransa. Niliuliza wazawa wenye cheti wako wangapi. Akatazama orodha. Alikuwako mmoja, ambaye ni mkuu wa Idara, Profesa Mtengeti, mzaliwa wa tarafa ya jirani. Naye hazungumzi na wanafunzi, kwa sababu ya cheo.

Basi Mama Nsimire akaitwa kwenye mtihani. Aliogopa kuingia chuoni, lakini Profesa aliahidi kwamba utafanyika chumba namba sita, na humo askari wetu hawakamati mtu, kwa kuwa ni nchi nyingine. Alikuja na kitenge kipya. Alizungumza robo saa. Yusta alinieleza baadaye kwamba alisimulia viatu vya harusi yake, vilivyokuwa vya kuazima na vya saizi mbili tofauti, na kwamba ni hadithi ya kuchekesha sana. Profesa alisikiliza akiwa amefungua kamusi. Alimpa alama thelathini na nane kwa mia, na sababu zikaandikwa: mtahiniwa anasema haraka, mtahiniwa anacheka katikati ya sentensi, mtahiniwa hakutaja chanzo chochote cha kauli zake, mtahiniwa haonyeshi dalili za kufundishwa.

Nikaingia kwa Profesa bila kubisha hodi. Nilimuuliza yeye alijifunza wapi. Akasema hapa hapa, kundi la kwanza. Nikauliza kundi la kwanza lilifundishwa na nani. Akasema lilijifundisha, ndiyo sababu liliitwa la kwanza. Nikamuuliza katika ile riwaya alikuwa na kurasa zipi. Akakaa wima.

"Moja hadi kumi," akasema. "Mzee wangu, usidhani mimi sioni. Binti yako ndiye bora tuliyewahi kuwa naye. Ningekuwa na mamlaka ningemtunuku leo. Lakini mimi ni mkuu wa Idara tu."

Na hapo akanipa njia. Ipo Fomu Namba Tisa, Uthibitisho wa Asili, kwa wazawa walioanguka mtihani wa uzawa. Humo serikali yenyewe inathibitisha kwamba mtu fulani kweli ametoka huko. Inataka jina, mahali alipozaliwa, tarehe aliyovuka mto, na ramani ya makazi, ili kamati iweze kumtembelea katika mazingira yake.

*

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Yusta aliisoma fomu jikoni, akaikunja.

"Baba, usiijaze."

Nikamwambia zimebaki siku tisa.

"Najua. Acha nifutwe. Nitauza betri na Desideri."

Nilimwambia maneno ambayo baba hatakiwi kumwambia mwanawe. Nilimtajia cherehani ya mama yake. Akatoka, akaiacha fomu jikoni.

Nikaenda mwenyewe nyuma ya mashine ya kusaga. Mama Nsimire alikuwa anamfumua mteja. Aliisoma fomu yote, mbele na nyuma, akiwa ameweka kitana mdomoni. Akakitoa.

"Baba Yusta, mimi sina makaratasi."

Nikasema hii ni fomu ya chuo, si ya polisi.

"Uko na hakika?"

"Mama, ni watu waliosoma."

Alimwangalia mteja wake, akaangalia kisima. Kisha akaomba kalamu. Aliandika kwa mwandiko mzuri kuliko wa Bi Kuruthumu: jina, kijiji, mwaka. Penye ramani akaniachia mimi, akisema mikono yake inajua vichwa tu. Kuchora mahali ndiyo kazi yangu. Sichimbi bila kuchora. Nilipima kwa hatua toka barabara kuu: hatua mia moja na arobaini hadi mashine ya kusaga, sitini kushoto, mlango wa bati la bluu, kisima upande wa mashariki. Nikaonyesha na mlango wa nyuma, kwa sababu ulikuwepo, na mimi sipendi ramani pungufu. Bi Kuruthumu alipoiona alisema hajawahi kupokea fomu iliyojazwa vizuri namna ile. Nilifurahi.

*

Kamati ilifika Ijumaa saa nne asubuhi, siku nne kabla ya tarehe ya Yusta. Ilikuja na lori. Wanne walikuja mbele, na wawili wakasimama kwenye mlango wa nyuma. Aliyeongoza alikuwa ofisa wa Wageni, kijana nadhifu, amebeba ramani yangu ndani ya plastiki ili isilowe. Mimi na Yusta tulikuwapo. Yeye alikwenda kumwambia Mama Nsimire ahame, mimi nilimfuata kumwambia aache utoto.

Ofisa aliamkia vizuri. Alimweleza Mama Nsimire kwa Kiswahili kwamba anarudishwa kwao. Mama Nsimire akajibu kwa Kiswahili kwamba amesikia, akaomba watoto wake wasubiriwe watoke shule. Ofisa akasema kwa bahati mbaya bado hajasikia. Kanuni inataka hati ya kumrudisha mgeni isomwe kwa lugha ya kwao, ili haki zake zisivunjwe, na Idara ya Wageni haina mtu wa Kifaransa. Akauliza kama yuko hapo anayekijua.

Mimi nilitazama kisima. Ofisa akamtazama Yusta, akatazama fomu, akalikuta jina lake.

Yusta akakataa. Ofisa hakumtisha. Alieleza kwamba isiposomwa hapa, itabidi Mama akasomewe makao makuu, kule mahabusu, na mkalimani wa kule anatarajiwa mwezi wa tisa. Huo ulikuwa mwezi wa sita.

"Soma, mama," Mama Nsimire akamwambia Yusta. "Soma tu. Ni mimi nakusikiliza."

Akasoma. Hati ilikuwa kurasa mbili za Kiswahili, na yeye akaigeuza Kifaransa papo hapo, amesimama kando ya kigoda. Katikati ya ukurasa wa pili Mama Nsimire aliinua kidole. Alimsahihisha neno moja, taratibu, kama siku zote. Yusta akalirudia vizuri. Mama Nsimire akatikisa kichwa kwamba ndiyo, sasa ni sawa.

Wote wawili wakatia saini, aliyesoma na aliyesomewa. Mteja aliyekuwa akisukwa asubuhi hiyo alipelekwa nyumbani kichwa kikiwa nusu. Watoto walitoka shule saa saba. Lori la pili lilirudi kuwafuata, kwa sababu sheria yetu hairuhusu kutenganisha familia.

*

Jumatatu Profesa Mtengeti alituita. Alikuwa na nakala ya hati mezani na alikuwa na furaha ya kweli, nami siwezi kumlaumu kwa hilo. Alisema katika historia ya Idara haijawahi kupatikana karatasi kamili kama ile. Hapa serikali yenyewe imethibitisha kwa mhuri kwamba huyu mama ni mtu wa huko hasa. Kama si wa huko, wangemrudishaje? Hapa pana saini yake, na hapa pana saini ya mwanafunzi, na hapa pana ushahidi kwamba wamezungumza Kifaransa na wameelewana. Sharti la arobaini na tatu limetimia. Akampa Yusta mkono. Yusta hakuuona.

Kwenye mahafali walihitimu watu watatu. Mlezi wa Taifa alihutubia. Alisema kuanzia siku hiyo hakuna mtu atakayetuambia jambo tusilielewe. Kisha akawapangia kazi, kwa sababu mhitimu wa nchi yetu hutumikia miaka mitano anapopangiwa, na akikataa, anafutwa. Wote watatu walipelekwa Idara ya Wageni. Nafasi ya Kifaransa ilikuwa hiyo tu.

Nilimwambia akatae. Nilimwambia mara hii nitakubali betri. Akaniuliza kama ningependa hati zikasomwe na mtu anayesoma vibaya. Tangu siku hiyo anazungumza nami mambo ya nyumba: chumvi imeisha, mlango umefungwa.

Watu mtaani wananipongeza na kuniuliza ilitugharimu nini, maana nao wana watoto. Nawaambia wahesabu hivi. Miaka saba ya Yusta, na mitano ya kutumikia, ambayo ameanza mwezi wa nane. Mama Nsimire, miaka hamsini na miwili, kumi na tisa kati ya hiyo ameishi hapa. Watoto wawili, mmoja darasa la nne na mmoja la pili, waliozaliwa hapa na kushushwa mahali ambapo hawamjui mtu. Na tangu Yusta aanze kazi hadi Ijumaa iliyopita, hati mia mbili na kumi na sita. Kila hati ina mtu mmoja, isipokuwa za wenye watoto.